Taa ya Behewa la Mwisho

"Behewa hilo, Babu? Dakika mbili tu."

Alisema hivyo akiwa amesimama katikati ya sebule, mikono mfukoni, kidevu juu, kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya kutundikwa ukutani. Na jina lake la mtaani lilikuwa hilohilo, Dakika Mbili, wala hakulipata kwa bahati. Alikuwa fundi simu. Ukimpelekea simu iliyotumbukia kwenye ndoo ya maji, dakika mbili. Ukimpelekea simu iliyopitiwa na lori, aliigonga kwa kidole kama anayechagua tikiti maji, akatikisa kichwa kama daktari bingwa, kisha dakika mbili. Wateja walikwenda, wakarudi, wakaoa, wakazaa, wakarudi tena na watoto mgongoni. Simu bado imelala kwenye sahani, matumbo nje. Na hakuna aliyeweza kumkasirikia. Ulikwenda na ngumi, ukaondoka na kicheko.

Babu hakucheka. Alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, sanduku la karatasi ngumu limetulia mapajani kama paka, na mikono yake yote miwili juu yake asije akakimbia.

"Hata hujaona kilichomo ndani," alisema.

"Nione cha nini, Babu? Mimi nafungua simu zenye skrubu ndogo kuliko chawa. Bati la kukunja ndilo linishinde?"

"Mume wangu mdogo!" Bibi aliita kutoka jikoni, maana ndivyo alivyomwita mjukuu huyu tangu akiwa wa kubebwa. "Usije ukamdanganya mume wangu mkubwa."

"Bibi, hata wewe huniamini?"

"Nakuamini sana. Simu yangu unayo tangu mvua zile."

Babu alikuwa gadi wa treni maisha yake yote ya kazi. Gadi ndiye anayesafiri kwenye behewa la mwisho kabisa, na bendera yake na taa yake, akiangalia nyuma wakati dereva anaangalia mbele. Alipostaafu alianza kujenga treni nyingine, ndogo, ya kupita juu ya rafu ndefu ya sebuleni, kutoka kwenye mlango wa chumbani hadi kwenye kabati la vyombo. Kila behewa lilianza kama bati jembamba la shaba, lililochorwa na kutobolewa kwa tindikali huko kiwandani, vipande vyote vimeshikana kwenye fremu moja kama biskuti ambazo hazijakatwa. Unakata, unakunja, unalehemu, unapaka rangi. Babu alikuwa amejenga la mafuta, la ng'ombe, la abiria, la mizigo, hata lile la kulia chakula lenye vimeza vyake ndani. Treni ilikuwa na kila kitu isipokuwa mkia. Behewa la gadi, lile lake mwenyewe, alikuwa akiliahirisha. Sanduku lake lilikaa kabatini, lililetwa na Shangazi zamani alipokuwa ng'ambo, na kiwanda kilicholitengeneza kilikwisha kufungwa.

"Nililiacha la mwisho kwa sababu ni la mwisho," Babu alisema. "Sikujua kama macho nayo yana ratiba yake."

Ilikuwa presha ya macho. Daktari hakuficha: kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kinaondoka polepole, matone ni ya kukichelewesha tu. Babu sasa aliona dunia kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Alichokielekezea uso wake alikiona. Pembeni yake palikuwa giza. Na tundu lenyewe lilikuwa linazidi kuziba.

"Mikono yangu bado ipo," alisema, akaifungua na kuifumba. "Ila jicho haliwezi tena kufuata ncha ya pasi ya kulehemu. Nimejaribu, nikalehemu kidole." Akaonyesha kovu jipya. "Nataka nilione, mpinzani wangu. Sitaki kuja kuambiwa kwamba lilikuwa zuri. Nataka kuliona."

Hapo hata Dakika Mbili alitoa mikono mfukoni.

"Utaliona, Babu."

"Basi sikiliza kwanza. Kuna mistari ya kukunjia. Ule mstari unapokunja, lazima uangalie..."

"Unakunja kwenye mstari. Babu, nimemaliza sekondari!"

Akalichukua sanduku, akatoka akipiga mluzi. Babu alibaki mdomo wazi, sentensi yake imening'inia hewani bila kitenzi.

*

Dukani, meza ya Dakika Mbili ilipakana na ya binti aliyeuza kava na vioo vya simu, aliyeitwa Chaji kwa sababu mdomo wake haukuwahi kuishiwa. Chaji alikuwa na kazi mbili: kuuza kava, na kumshusha Dakika Mbili kila alipopanda.

"Umeanza lini kuchezea vitoto vya treni?"

"Hii ni kazi ya ufundi wa juu. Wewe endelea kuvisha simu nguo."

Alilitoa bati kwenye sanduku na, tuseme ukweli, moyo ulimruka. Lilikuwa limejaa vitu. Kuta zenye mistari ya mbao, mbao moja moja, madirisha madogo, kibaraza cha nyuma ambako gadi husimama, ngazi za kukanyagia nyembamba kama meno ya kitana. Upande wa nyuma wa kuta kulikuwa na vidoti visivyohesabika, na kila kimoja ulikibonyeza kwa sindano butu ili upande wa mbele kitokeze kijipele, ndizo ribiti, vichwa vya misumari ya kushikia kuta. Karatasi ya maelekezo aliiona pia. Aliipa heshima yake yote, akaweka juu yake kikombe cha chai.

Ribiti alizibonyeza vizuri. Nusu siku iliisha, shingo ikamkauka, wateja wakaambiwa dakika mbili. Kisha akaushika ukuta mrefu wenye mistari mitatu ya kukunjia, akaubana, akakunja. Ulikunjika kwa raha, kama karatasi. Pembe moja, ya pili, ya tatu, na sanduku la behewa likasimama mezani, limefunga vizuri. Akaliinua juu kama kombe.

"Nani fundi?"

Chaji alilitazama kwa muda. Akainamisha kichwa upande huu, akakiinamisha upande ule.

"Mbona limevaa shati ndani nje?"

"Nini?"

"Vijipele vyako viko ndani. Mbao ziko ndani. Nje ni tupu kama kiganja. Labda abiria ndio watakaoangalia ukutani."

Dakika Mbili aliligeuza. Akaligeuza tena, kana kwamba likizungushwa vya kutosha litajirekebisha lenyewe. Akainua kikombe cha chai. Chini yake, ndani ya duara la kahawia, palikuwa na mchoro wa pembe na mshale: mstari wa kukunjia hukaa ndani ya kunjo, siku zote. Ndiyo sentensi ambayo Babu hakuachiwa kuimaliza.

"Si tatizo," alisema. "Nakunjua, nakunja upya."

"Sijui," alisema Chaji, na safari hii hakuwa na utani. "Bati lile limeliwa nusu kwenye mstari."

Alikunjua taratibu, kwa ncha za vidole, bila hata kupumua. Bati lilianza kurudi. Kisha likasema tik. Kisauti kidogo tu, kama mtu anayevunja kiberiti chumba cha pili. Ukuta mmoja ukabaki mkononi mwake.



*

"Limefika wapi?" Babu aliuliza jioni ile.

"Rangi inakauka, Babu."

"Umeshafika kwenye rangi?" Uso wa Babu ulichanua. "Kijani ile?"

"Kijani ileile."

Kesho yake rangi ilikuwa bado inakauka. Na kesho kutwa. "Rangi gani hiyo," Bibi aliuliza, "au mmepaka asali?" Dakika Mbili akacheka kuliko kichekesho kilivyostahili, akajitetea kwamba hewa ina unyevu. Huku nyuma behewa lilikuwa kwenye droo dukani, ukuta wake mmoja umekatika. Alikuwa akijiambia atapata wazo. Alikuwa akijiambia kwamba Babu, kwa macho yale, huenda hata asitambue. Wazo hilo la pili lilikuja kimyakimya, likajikalisha, na yeye hakulifukuza.

Mpaka asubuhi moja Babu alipojimiminia chai. Birika lilikuwa mkononi, kikombe mezani, na vyote viwili vilikuwa mahali pake pa kila siku. Akamimina. Chai ikateremka pembeni mwa kikombe, ikatambaa kwenye kitambaa cha meza, ikaanza kudondoka sakafuni, naye Babu bado anamimina, akisikiliza, akisubiri kusikia kikombe kikijaa.

Bibi alisogeza kikombe chini ya birika kwa kidole kimoja, wepesi kama anayefukuza nzi, na chai ikaanza kulia kwenye kikombe.

"Hapo," Babu alisema, ameridhika. "Leo mikono imetulia."

Dakika Mbili, kijana aliyejisifu mbele ya watu kwamba hajalia tangu alipoota meno, alitoka nje akasema amesahau kitu dukani. Alipofika aliifungua droo kabla hajafungua dirisha.

"Chaji. Nisaidie."

Chaji alitaka kucheka. Akamtazama usoni, akavuta kiti.

Walimalizia kuzivunja kuta zote, makusudi sasa, kila moja kwenye mstari wake. Dakika Mbili akapiga tupa kingo mpaka zikanyooka. Akakata vijipande kwenye fremu iliyobaki, akavikunja pembe, mstari ndani safari hii, ili viwe mifupa ya kuzishika kuta kwa ndani. Kulehemu kukaanza, na hapo ndipo shaba ilipomwonyesha tabia yake. Simu ni kitu kidogo chenye joto la hapohapo. Shaba ni mmbea: unaiambia pembe hii, habari inafika pembe ile. Alilehemu kona ya kwanza ikashika. Akalehemu ya pili, ya kwanza ikaachia. Akarudi ya kwanza, ya pili ikadondoka mezani. Risasi ya kulehemia iliyeyuka ikakimbia kila mahali isipotakiwa. Alitukana kidogo, kwa adabu.

"Ipoze ile iliyokwisha," Chaji alisema. "Ukipika maji unashika sufuria kwa kitu gani? Kitambaa. Weka kitambaa kibichi kwenye kona iliyoshika, joto lisipite."

"Na nani atakishika? Mikono yangu imejaa."

"Kibane. Na kibanio cha mbao, cha chuma kitakula joto."

Vibanio vya mbao vilikuwa sehemu moja tu aliyoijua, kwenye kamba ya nguo ya Bibi. Wiki ile mashuka ya Bibi yaliruka ua na kwenda kutembelea majirani, na Bibi alilalamika kwamba siku hizi upepo una vidole.

Polepole, kona moja baada ya nyingine, behewa lilisimama, mbao nje, ribiti nje. Kibaraza kikaja, kisha reli ya mkono, kisha ngazi. Alipaka rangi ya kijani, na kweli ikabidi aisubiri ikauke, akacheka peke yake kwamba hatimaye amesema ukweli. Simu za wateja zilijaa vumbi. Hakumwambia mtu dakika mbili. Aliwaambia, "Sijui, rudi nikikuita," na wateja wakaanza kumwogopa.

Kilibaki kitu kimoja kwenye sanduku: kipande cha risasi kidogo kama punje ya mchele, chenye umbo la taa, cha kubandika nyuma kabisa. Alikiweka kwenye kiganja, akakumbuka. Utotoni Babu alimsimulia hadi akachoka. Treni inapoingia stesheni watu wote wanatazama injini, isipokuwa mtu mmoja, yule wa zamu. Huyo anasubiri mkia. Akiiona taa nyekundu ya behewa la gadi, anajua hakuna behewa lililokatika likabaki njiani, na anaandika treni imefika nzima. Asipoiona, hakuna kinachoruhusiwa kupita kwenye reli ile, hata kiwe na haraka gani.

Alikitazama kile kipunje cha risasi, kilichopoa, kisichowaka. Kisha akavuta droo ya vyuma vyake na kuanza kupekua chaja mbovu.

*

Alilipeleka mchana, Bibi akiwa anakunja nguo kwenye kochi na Babu dirishani. Hakusema neno la kujisifu. Bibi akamtupia jicho, akafikiri anaumwa.

"Hili hapa, Babu."

Babu alilipokea kwa mikono miwili. Alilisogeza mbele ya uso, akalitafuta kwa lile tundu lake, akalipata. Alilisoma kipande kwa kipande, kama mtu anayesoma ukuta kwa mwanga wa kiberiti.

"Dirisha," alisema. "Dirisha lingine. Reli ya mkono. Hii nilikuwa naishika hivi, kushoto, kwenye kona zote." Akasogeza tena. "Kibaraza. Eee, kibaraza changu."

Kidole gumba kilikuwa kinatembea kwenye ukuta, juu ya ribiti, taratibu. Kikafika kwenye kona, kikasimama. Kikarudi. Kikaingia dirishani, kikagusa ndani ya pembe. Dakika Mbili alianza kutazama dari.

"Ulikunja kinyume," Babu alisema.

"Mimi? Babu! Mimi nikunje..."

"Hiki kidole hakina presha, mpinzani wangu. Kona ya kukunja ni laini. Hizi zimelehemiwa, zote nne. Ulikunja kinyume, ukavunja, ukaanza upya."

Bibi alikunja shuka moja mara nyingi kuliko inavyohitajika.

"Ndiyo, Babu," alisema Dakika Mbili, sauti imeingia ndani kama ribiti zile za kwanza.

"Na ile rangi iliyokuwa inakauka?"

"Haikuwepo."

"Hm." Kidole gumba kikapita tena kwenye kona. "Ni ngumu. Hizi hazitaachia. Mimi nisingeweza kuzilehemu hivi, hata nilipokuwa na macho." Akalirudisha mikononi mwa mjukuu. "Haya. Liunge na wenzake."

Dakika Mbili alipanda kwenye kigoda, akaliweka relini nyuma ya la abiria, ndoano ikashika. Treni ikawa na mkia. Akashuka, akageuka. Babu alikuwa ameelekeza uso kwenye rafu, anausogeza huku na huku, kidogo kidogo, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio. Akaendelea kutafuta. Mikono yake ilishika mapaja.

"Naona ukuta," alisema hatimaye, kwa upole, kama anayemwombea mtu mwingine radhi. "Iko mbali. Si neno. Nimeliona lilipokuwa mkononi. Nashukuru, mwenzangu."

"Subiri, Babu."

Alivuta pazia la dirishani, akavuta na lile la mlangoni, sebule ikafifia. Akapanda tena kigoda, akapitisha kidole chini ya behewa, akabonyeza.

Nyuma kabisa ya treni, juu ya kibaraza, ikawaka taa nyekundu. Ilikuwa ndogo, ileile iliyowahi kumwonyesha mtu kwamba simu yake haijajaa, lakini kwenye giza lile ilikuwa nyekundu kwelikweli.

Uso wa Babu uliendelea kutafuta, ukapita, ukarudi. Ukasimama.

Kisha mkono wake wa kulia uliinuka wenyewe, kiganja mbele, kama gadi anavyomfanyia mtu wa zamu.

"Imefika nzima," alisema.

Bibi aliliacha shuka. Alikuja akaketi kwenye mkono wa kiti, akauchukua ule mkono ulioinuka na kuushusha mapajani mwake, akaubakiza.

"Ulikuwa unaondoka na mimi nasimama mlango wa nyuma," alimwambia. "Injini sikuitazama hata mara moja. Nilitazama hiyo taa mpaka inakuwa kama kiroboto, halafu hakuna kitu, halafu naingia ndani kuwagombeza watoto wako."

"Uliwagombeza kwa nini?"

"Nilikuwa sina mwingine wa kumgombeza. Ulikuwa umeondoka." Akaitazama rafu. "Hii angalau haiondoki."

"Haiondoki," Babu alisema. Hakuondoa uso kwenye taa. "Mama, naiona. Naiona vizuri kabisa."

Kijana wetu, kule kwenye kona ya kabati la vyombo, alikuwa ameupa ukuta uso na chumba mgongo. Alikuwa anashughulika sana na sanduku tupu la behewa, analifunga, analifungua, analifunga. Mabega yake yalikuwa na mambo yake.

"Wewe," Bibi aliita. "Una nini?"

"Sina kitu, Bibi!" Akajipangusa haraka kwa mkono wa shati, na kibanio cha nguo kikadondoka kutoka mfukoni, kikadunda sakafuni katikati ya watu wote. "Ni huu moshi wa kulehemu. Unachoma macho sana huu moshi, nyinyi hamjui tu. Sisi mafundi tumeuzoea, lakini siku nyingine..."

Bibi aliinama, akakiokota kibanio chake, akakigeuza, akaona kimeungua kwenye ncha. Kisha akampa yule fundi jicho refu, la taratibu, kutoka kwenye viatu mpaka kwenye kope zilizolowa.

"Mume wangu mdogo," alisema, "pasi yako ya kulehemu iko dukani."